Mwezi kwa Lenzi ya 300: Acha Kusingizia Lenzi

Kijana mmoja wa Mbale ameniandikia: "Kaka, nimenunua lenzi ya milimita 300 lakini mwezi wangu unatoka kama taa ya boda. Nitafute pesa nichukue ya 600?" Tulia. Weka pesa zako. Juzi nimepata mwezi ambao mashimo yake unayahesabu kwa kidole, na lenzi ni ileile ninayopigia harusi. Niliituma kwenye kundi la familia, mjomba akajibu mbele ya watu wote: "Hii umeitoa intaneti." Wakacheka. Ni mkubwa wangu, sikumjibu kitu. Ila picha ya mtoto wake akihitimu, atatafuta mpigaji mwingine.

Turudi kwa kijana wetu. Kamera ikiachiwa uamuzi, inaona giza tupu na kitone kimoja cheupe, basi inafungua mwanga hadi kitone kinaungua. Lakini mwezi ni mwamba unaopigwa na jua lilelile linalotuchoma saa sita mchana. Weka kamera kwenye M, yaani mwanga uuamue wewe mwenyewe. Mwezi mpevu: f/11 (tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa kihisio kwa mwanga), shata 1/125 (sehemu ya sekunde). Nusu mwezi una mwanga hafifu zaidi, kwa hiyo anza na f/8, ISO 200, shata 1/125, kisha rekebisha.

Na huo mwezi mpevu mnaoukimbilia wote, mimi siupendi. Jua linaupiga usoni moja kwa moja, vivuli havipo, unatoka bapa. Subiri usiku wa saba au wa nane wa mwezi mwandamo. Hapo tazama mstari unaotenga nuru na giza: kingo za mashimo zinasimama, kila moja na kivuli chake. Lenzi ya 300 inachora mwezi wenye upana wa milimita 3 hivi kwenye kihisio cha kamera. Ni mdogo, ndiyo. Vivuli ndivyo vitakavyokupa ule ukali unaoutafuta.

Sisi Uganda tumependelewa, na wengi hawajui. Ikweta inatupitia hapa Kayabwe, barabara ya Masaka. Mwezi wa nusu ya kwanza, Magharibi ikiadhiniwa, uko karibu na utosi. Ulaya wakati wa kiangazi mwezi mpevu unajikokota chini upeoni, wanaupiga kupitia hewa nzito. Hata Kampala, ukiupiga unapochomoza unapita juu ya moshi wa sigiri, vumbi, na mabati yanayotema joto la mchana kutwa. Ukiukuza kwenye skrini utauona unachemka. Hakuna lenzi ya kuponya hilo, hata ya milioni ngapi. Usidanganywe pia na ukubwa wake unapochomoza, ni macho tu. Ukiwa utosini ndipo unapokuwa karibu nawe zaidi, kwa kilomita kama 6,000.

Tabu ya utosini ni shingo, na lenzi zetu hizi za bei nafuu. Ukiielekeza juu, mdomo wake unateleza wenyewe taratibu. Uliacha 300, unakuta 240, na fokasi imekwenda nayo. Dawa yake nimeipata kwa fundi baiskeli: kipande cha tyubu kuukuu, kikate kama bangili, kivute kikumbatie pale mapipa mawili ya lenzi yanapokutana. Haitelezi tena. Watu watakucheka, waache.

Tripodi usiinyanyue ule mguu wa katikati, na ninginiza begi chini yake. Zima kile kituliza mtikisiko cha lenzi. Fokasi iwe ya mkono: kuza skrini ya nyuma mara 10, zungusha polepole ukitazama ukingo wa mwezi mpaka ukatike kama wembe. Alama ya mwisho kwenye lenzi, ile ya ∞, usiiamini. Kisha weka taima ya sekunde 2 au zaidi, uondoe mkono. Kama uko juu ya ghorofa, ngoja majirani wamalize kupanda ngazi. Sakafu inacheza hata usipohisi.

Vijana wa siku hizi mnataka kununua kabla ya kujua. Simu nazo zimewaharibu, nyingine zinauchora mwezi zenyewe kisha mnasema mmepiga picha. Halafu anayekesha juu ya paa na mbu ndiye anayeitwa mwongo.

Piga nyingi, kwenye RAW (faili ghafi ya kamera), maana hewa hutulia kwa sekunde chache tu. Chagua zile kali, uziunganishe kwa AutoStakkert, programu ya bure ya kompyuta. Ukali ukiuongeza, uongeze kidogo: ukiona duara jeupe limezunguka ukingo wa mwezi, umezidisha, rudi nyuma.