Mtoto wa ndugu anayeitwa mchawi pale Katuba, Lubumbashi (Kongo)

Mama, umeuliza jirani anaweza kufanya nini wakati mjomba amemfukuza yatima wa miaka tisa akidai kwamba "amekula" wazazi wake, yaani amewaua kwa uchawi. Kwanza, mtoto asilale nje hata usiku mmoja: Lubumbashi, mtoto akizoea kulala sokoni wiki moja, kumrudisha nyumbani ni kazi. Apokelewe na mama anayemwamini, na mkuu wa avenyu (mtaa wenu) ajulishwe siku hiyohiyo, wasije wakasema mmemuiba.

Kisha mwambieni mjomba, kwa upole lakini mbele ya watu: sheria ya Kongo ya 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inaadhibu kumshtaki mtoto uchawi, mwaka mmoja hadi miaka mitatu gerezani, pamoja na faini. Wengi hawajui, wakisikia wanapoa. Ofisi ya mambo ya kijamii ya komini (wilaya ya mji) inaweza kumtafutia familia ya kumlea; jambo likiwa zito, kuna mahakama ya watoto.

Ila kwa mchungaji wa "kumfungua", yaani kumtoa uchawi kwa maombi, msimpeleke. Huko wengine wananyimwa chakula siku nzima, eti maombi. Shangazi upande wa baba yuko? Mimi ningeanzia kwake.