Anti, siku zangu haziji kwa mpango na mama mkwe anahesabu miezi

*Shikamoo anti. Nina miaka 26, naishi Tabata, nimeolewa mwaka na miezi miwili sasa. Kabla ya ndoa nilikuwa nachoma sindano ya uzazi wa mpango miaka miwili, nikaacha mwezi mmoja kabla ya harusi. Tangu zirudi siku zangu hazieleweki. Mwaka huu zimekuja tarehe 3 Januari, 10 Februari, 12 Aprili, 6 Mei na 27 Juni, nimeziona kwenye kidaftari changu cha funga ninazodaiwa maana huwa naandika humo. Mume wangu ni dereva wa lori la Tunduma, huwa namuomba apange safari awepo nyumbani siku ya 14 lakini mimba haiingii. Nimeanza kuota nywele kidevuni na chunusi zimerudi kama nipo sekondari, na nimenenepa, nina kilo 84. Mama mkwe ananiuliza kila mwezi. Jirani ameniuzia dawa ya kusafisha kizazi 45,000, nimemaliza dozi moja anasema niongeze mbili. Je kizazi changu ni kichafu? Nisaidie anti.*

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho maana ndo limeniuma zaidi. Hapana, kizazi chako sio kichafu. Kizazi hakina uchafu wa kusafishwa na unga wa mtu, kinajisafisha chenyewe na hiyo hedhi ndo kazi yake, ngozi ya ndani ikishakuwa haina matumizi inabomoka inatoka. Hizo dozi mbili usinunue. Na kama kati ya hizo dawa kuna ya kuweka ukeni acha leo hii, maana zile zinachubua, zinaua wale bakteria wazuri wanaokulinda, afu unakuja kupata maambukizi ambayo mwanzo hukuwa nayo kabisa.

Sasa hicho kidaftari. Mwanangu hujui umebeba nini mkononi, wanawake wengi wakifika kwa daktari wakiulizwa lini ulianza mara ya mwisho wanaanza kuangalia dari, wewe una tarehe 5 zimeandikwa. Tuzihesabu pamoja. Unaanza siku damu yenyewe imetoka, sio yale matone ya kahawia ya jana yake, hiyo ndo siku ya kwanza, na unahesabu mpaka siku moja kabla damu nyingine haijaanza. Kutoka 3 Januari ni siku 38, unaofuata ni 61, unaofuata 24, wa mwisho 52. Kwa mtu mzima mzunguko wa siku 21 mpaka 35 hauna shida, madaktari wengine wanafika mpaka 38, na ukipishana siku 5 au hata wiki kati ya mwezi na mwezi hiyo ni kawaida tu watu wasikutishe. Ila 24 ukafuatiwa na 52 hapo ndo tunasema umevurugika kweli, haujakosea.

Na hapa ndo kuna kitu nataka ukishike maana kimekupotezea muda mwingi na kumsumbua mumeo na bosi wake bure. Hiyo siku ya 14. Sijui nani alitufundisha hivyo wote, lakini siku ya 14 ni ya mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 peke yake. Yai halihesabiwi kutoka mbele, linahesabiwa kutoka nyuma, yaani linatoka kama siku 12 hadi 14 kabla ya hedhi INAYOFUATA. Angalia tarehe zako. Ulipoanza 10 Februari wewe ulimuita mumeo tarehe 23 Februari, lakini hedhi iliyofuata ilikuja 12 Aprili, kwaiyo kama yai lilitoka lilitoka karibu na tarehe 29 Machi, zaidi ya mwezi mzima baadaye, mwenzio yupo zake Tunduma anasubiri foleni ya mpakani. Afu ule wa Aprili ulimuita tarehe 25 wakati yai lilikuwa limeshapita karibu tarehe 22, na yai likishatoka haliishi zaidi ya siku moja. Mmekuwa mnagonga mlango siku ambayo hakuna mtu nyumbani. Na nasema "kama yai lilitoka" kwa makusudi, maana mizunguko mirefu kama huo wa siku 61 mara nyingi inamaanisha mwezi ule yai halikutoka kabisa, damu ikaja tu kwa sababu ngozi ya kizazi imezidi kuwa nene imeshindwa kujishikilia.

Kwaiyo kuanzia sasa achana na kalenda kama njia ya kumuita mume. Akiwepo nyumbani kutaneni kila baada ya siku mbili tatu bila presha, mbegu za mwanaume zinaweza kuishi ndani hadi siku 5 zikilisubiri yai. Na angalia ule ute, ukiona unateleza unavutika kama ute wa yai la kuku bichi hizo ndo siku zenyewe, ata kama kalenda inasema nini.

Umeniuliza kimoyomoyo kama ni sindano, najua umeuliza maana kila mtu mtaani anasema sindano inaharibu kizazi. Haiharibu. Inachelewesha, hilo ni kweli na wanaochoma wangeambiwa mapema, kutoka sindano ya mwisho kwa wastani inachukua kama miezi 10 hivi mpaka mtu kushika mimba na wengine zaidi ya mwaka. Wewe una miezi 15 tangu uache, kwaiyo inaweza kuwa imechangia mwanzoni lakini sitaki tuibebeshe lawama yote tukalala, kwa sababu umenitajia nywele za kidevuni, chunusi, na uzito. Hayo matatu yakikaa na mizunguko mirefu daktari yeyote atawaza kitu kinaitwa PCOS. Ni hali ya homoni, ovari zinatengeneza homoni za kiume kupita kiasi, mayai yanaanza kukua lakini hayakomai yakatoka, yanabaki vifuko vidogo vidogo. Ukienda ultrasaundi wakakwambia una vifuko vingi kwenye ovari usilie ukidhani ni uvimbe wa kukatwa, sio. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake 6 mpaka 13 katika kila 100 walio kwenye umri wa kuzaa wanayo na wengi wao hawajui. Na wanazaa mwanangu. Wanazaa sana tu, wengine wanahitaji dawa ya kulisaidia yai litoke, wengine ata hawahitaji.

Lakini mimi sio ultrasaundi na barua sio kipimo. Nikupe kisa changu uone kwa nini nasema hivi. Nikiwa na miaka 31 nilikaa miezi minne sioni siku zangu, kipimo cha mimba hakuna kitu, nakonda, moyo unakwenda mbio ata nimekaa, mikono inatetemeka. Ndugu wakasema nimefungwa, nikanyweshwa mizizi ya kila rangi. Zahanati ya kwanza niliyoenda nikaambiwa ni mawazo nikapewa vitamini. Mpaka nesi mmoja kwingine akanishika shingo tu akaniambia meza mate dada, akasema hebu kapime tezi. Ilikuwa tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, nikatibiwa na hedhi ikarudi yenyewe bila mtu kugusa kizazi. Nilipoteza karibu mwaka na hela za watu. Sitaki upitie huko.

Nenda hospitali yenye daktari wa wanawake, na usisubiri mtu akwambie haujafikisha muda, kawaida mtu chini ya miaka 35 anaambiwa ajaribu mwaka mzima kwanza lakini mwenye mzunguko uliovurugika hasubiri, na wewe mwaka wenyewe umeshapita. Kwanza kabisa pima mimba, kila hedhi ikichelewa pima mimba, ata kama una uhakika haiwezekani. Afu waombe wakupime tezi, kipimo kinaitwa TSH, wapime prolaktini, homoni ya maziwa, ambayo ikipanda inazuia yai (binya chuchu taratibu uone kama yanatoka maziwa, ukiona mwambie daktari), homoni za kiume, na sukari kwa sababu PCOS inatembea na sukari. Na ultrasaundi. Kama hela haitoshi kwa vyote siku moja sema wazi, muulize kipi kianze, hakuna aibu. Dawa kama metformini (ya sukari) au letrozoli (ya kulisaidia yai litoke) utazisikia kwa watu, usijinunulie duka la dawa, letrozoli ina siku zake maalum za kumeza na lazima mtu akufuatilie.

Kuhusu kilo sikwambii ili nikuseme. Ikija kuwa ni PCOS, kupunguza asilimia 5 tu ya uzito kunaweza kuamsha yai likaanza kutoka, kwako hiyo ni kama kilo 4. Soda ziache, wali au ugali punguza nusu uongeze mboga za majani na maharage, tembea ata nusu saa jioni. Usijinyime chakula mpaka kizunguzungu, njaa kali nayo inafunga hedhi.

Na mumeo apime mbegu. Najua hii ni ngumu lakini karibu nusu ya wenza wanaochelewa kupata mtoto kuna shida upande wa mwanaume pia, peke yake au pamoja na mke, na kipimo chake ni rahisi na cha bei ndogo kuliko vyako vyote ukivijumlisha. Mwambie akiwa ametulia, sio akiwa ametoka safari ya siku 4, mwambie "twende wote daktari ametaka wawili". Na mama mkwe ni kazi yake yeye kumjibu, ni mama yake. Akikuuliza tena sema kwa heshima "mama tupo hospitali tunafuatilia, tuombee dua", basi, usianze kumuelezea tarehe zako.

Kuna mambo usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo: pedi inajaa ndani ya saa moja na inayofuata vilevile, unaona giza ukisimama, au kipimo cha mimba kimesema ndio afu unaumwa tumbo la chini upande mmoja, hiyo inaweza kuwa mimba nje ya kizazi na inaua. Damu ikitoka baada ya tendo la ndoa kachunguzwe mlango wa kizazi. Na zikipita siku 90 bila hedhi na mimba hakuna usikae nyumbani ukishukuru umepumzika pedi, ile ngozi ikiendelea kujazana bila kutoka kwa miaka inaweza kuja kuleta saratani.

Wenye mabinti wa miaka 13, 14 mnaosoma hapa, wao miaka miwili mitatu ya mwanzo kuruka ni kawaida msiwakimbize kwa waganga.

Hicho kidaftari nenda nacho kama kilivyo, na funga zako zikiwa humohumo. Ongeza tu siku ngapi damu ilitoka na pedi ngapi kwa siku. Majibu yakitoka niandikie, anza na ya TSH.