Baiskeli ndani ya Karura: mambo ya kujua kabla hujafika langoni

Nairobi ina baiskeli nyingi zilizolala stoo. Mwenyewe aliinunua kwa hamu, akaingia nayo barabarani, matatu ikampita karibu na kiwiko akasikia upepo wake, na tangu hapo baiskeli inakusanya vumbi nyuma ya mlango. Kila mtu wa namna hiyo akiniuliza aanzie wapi, jibu langu ni msitu wa Karura. Si kwamba hakuna kwingine, ila sijui mahali pengine ndani ya jiji hili ambapo mtu mzima anaweza kukanyaga pedali asubuhi nzima bila kugeuza shingo kila dakika kuangalia lori linalomfuata.

Msitu huu una hekta 1,041 na umekuwa msitu wa serikali tangu 1932. Barabara ya Limuru inaukata, kipande cha Sigiria kikabaki upande wa magharibi, na sehemu kubwa ikaenea kuelekea mashariki hadi barabara ya Kiambu. Ndani kuna zaidi ya kilomita 50 za njia. Magari ya wageni yanaishia kwenye maegesho. Kutoka hapo ni miguu na magurudumu mawili tu. Mara chache utakutana na gari la askari wa msitu, nalo huenda polepole.

Utulivu huo haukuja wenyewe. Katika miaka ya tisini msitu ulikuwa umekatwa vipande na kugawiwa watu wa kujenga nyumba. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, na wenzake walikwenda kupanda miche kwenye ardhi iliyonyakuliwa, na Januari 1999 wakashambuliwa na genge la watu, yeye mwenyewe akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo waliingia mitaani, makelele yakawa makubwa, na ujenzi ukasimama. Hata baada ya hapo Karura ilibaki mahali pa kuogopwa kwa sababu ya wezi. Mambo yalibadilika kuanzia 2009, wakati Friends of Karura Forest, chama cha marafiki wa msitu huu, walipoanza kufanya kazi pamoja na Shirika la Huduma za Misitu: ukawekwa uzio wa umeme, na vijana wa mitaa inayopakana na msitu wakaajiriwa kuulinda. Nayaeleza haya kwa sababu watu wa rika la wazazi wetu bado wanashtuka wakisikia binti yao anaendesha baiskeli peke yake Karura. Anaendesha, na wapo wengi kama yeye kila wikendi.

Hatari kubwa ya siku yako, kwa maoni yangu, iko nje ya uzio. Barabara ya Limuru na barabara ya Kiambu si za mtu anayejifunza. Kama baiskeli yako inaingia kwenye buti ya gari la rafiki, ipakie. Kama huna usafiri wa namna hiyo, panda matatu hadi karibu na lango, ukodi baiskeli huko huko. Nataka sana siku moja tuwe na njia salama ya baiskeli kutoka mjini hadi kwenye malango yote ya msitu huu, kwa sababu mwenye gari ndiye anayefika kwa urahisi mahali pasipo na magari, na hilo si haki kwa mtoto wa mtaa wa mabanda wa Mathare.

Ukikodi, usiondoke na baiskeli ya kwanza unayopewa. Kaza breki zote mbili huku unaisukuma mbele. Gurudumu likiendelea kuzunguka, irudishe. Panda, zunguka kidogo hapo hapo, badilisha gia zote uone kama mnyororo unaruka. Kiti kiwe juu kiasi kwamba ukikanyaga pedali hadi chini, goti linabaki limekunjika kidogo tu. Wengi wanaendesha kiti kikiwa chini mno, magoti yanawauma, halafu wanasema baiskeli ni mchezo wa vijana.

Malipo ni kwa simu, kwa hiyo usitegemee noti mfukoni. Beba kitambulisho, kwa sababu raia na mkaazi hulipa kidogo kuliko mgeni. Maji yawe kwenye chupa ya kudumu: tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga za Kenya, na chupa ile ya dukani itabaki langoni.

Sasa njia zenyewe. Kwenye makutano kuna vibao vyenye namba, na namba hizo ndizo ramani yako. Piga picha ya ramani kubwa iliyopo langoni, kisha kila ukifika kwenye njia panda soma namba kabla hujageuka. Hata ukiumia au ukipotea, ukimwambia askari namba ya makutano uliyopita mwisho, atajua akufuate wapi.

Jambo ambalo ramani haikuambii waziwazi ni miinuko na miteremko. Mito ya upande huu wa Nairobi inatoka nyanda za juu za Limuru na kuteremka kuelekea mashariki, na miinuko ya katikati yake inaelekea huko huko. Ukishika hilo, umeuelewa msitu. Ukienda sambamba na mto, unapanda au kushuka taratibu, wala huchoki haraka. Ukikata mto kwa kuvuka kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, utateremka kwa kasi hadi darajani na kulipia kila mita upande wa pili. Kwa hiyo mwanzilishi achague njia zinazofuata mwinuko, avuke mto mara moja tu, basi. Na angalia ulikoingilia: aliyeanzia upande wa barabara ya Limuru anashuka kwa raha akielekea ile ya Kiambu, halafu kurudi ndiko kwenye kazi. Aliyeanzia Kiambu anafanya kazi akiwa na nguvu, anarudi nyumbani akiteremka. Ningekuwa napeleka mtu kwa mara ya kwanza, ningeingilia Kiambu.

Kisha udongo. Ni ule mwekundu wa mashamba ya kahawa, mzuri ajabu ukiwa mkavu na msumbufu ukiwa umelowa. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, unanasa kwenye tairi, unajaa kati ya gurudumu na fremu mpaka baiskeli inagoma kuzunguka. Baada ya mvua kubwa, subiri jua lipige siku moja au mbili. Hata hivyo, msitu haukauki sawasawa. Sehemu za mikaratusi na miti mingine iliyopandwa kwa mistari hupata jua mapema; kule kwenye miti ya asili, chini ya mikinduri na mihugu, kivuli ni kizito na njia hubaki na utelezi muda mrefu, hasa penye mizizi iliyokatiza. Mzizi uliolowa uuvuke ukiwa umenyooka, usiuvuke kwa pembeni. Breki ishike kabla ya kona, uikate kona huku umeziachia. Na ukiona njia imegeuka tope kabisa, shuka au rudi, maana kila tairi linaloburuzwa pale linachimba mfereji, na mvua inayofuata itaubeba udongo hadi mtoni.

Njia nyembamba za watembea kwa miguu waachie wenyewe. Kwenye njia pana pia mwenye baiskeli ndiye wa mwisho kwa haki: mtoto kwanza, mzee, mkimbiaji, mwenye mbwa, halafu wewe. Naona vijana wanashuka mteremko wakijipima kwa saa zao za mkononi, na kona iliyo mbele yao imefunikwa na vichaka. Mama mwenye mtoto mgongoni hana pa kurukia. Piga kengele ukiwa mbali, punguza mwendo hadi wa kutembea, sema "habari za asubuhi, naomba kupita kulia kwako", subiri asikie. Wakimbiaji wengi wana vifaa vya kusikilizia muziki masikioni, kwa hiyo usidhani amekusikia mpaka amesogea.

Ukienda mapema, mara tu lango linapofunguliwa saa kumi na mbili, utakutana na wenyeji wengine. Pongo husimama katikati ya njia akikutazama. Simama nawe, atapita. Tazama juu pia. Mbega weusi kwa weupe unaowaona waliletwa kutoka Kipipiri baada ya Karura kukaa muda mrefu bila mbega, na kwangu kuwaona wakiruka kutoka mti hadi mti dakika chache tu kutoka mtaa wa Muthaiga ni furaha isiyozoeleka. Kima ni habari nyingine. Usile ndizi karibu nao na usiache mkoba kwenye baiskeli, wanajua zipu.

Maporomoko ya maji na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha yanafikiwa kwa miguu. Beba kufuli, funga baiskeli mahali isipomzuia mtu, shuka ngazi taratibu. Tenga muda wa kutosha, usipapitie mbio.

Nimalize na watu wazima ambao hawajawahi kuendesha kabisa, kwa sababu ni wengi kuliko wanavyokiri, hasa akina mama walioambiwa utotoni kwamba baiskeli ni ya wavulana. Ukimfundisha mmoja wao, chagua asubuhi ya siku ya kazi, watu wakiwa wachache. Tafuta kipande kipana kilichokaribia kuwa tambarare, chenye mteremko mdogo tu. Shusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikanyage ardhi, ng'oa pedali kwa spana (ya kushoto hufunguka kinyume na ya kulia), umwambie ajisukume kwa miguu na kuachia. Usimshike kiti kwa nyuma, atajifunza kuegemea mkono wako. Mwambie macho yaangalie mbali, yasiangalie gurudumu. Atajisukuma, atakanyaga, atajisukuma tena, na baada ya muda utaona miguu imebaki hewani kwa mita kadhaa bila yeye mwenyewe kugundua. Hapo ndipo unarudisha pedali. Kiti kiache chini kwa siku hiyo yote, na somo la gia lisubiri safari nyingine.