Umechanja Newcastle na kuku bado wamekufa? Angalia kifuko cha Fabricius

Ndugu yetu wa Tororo, pole sana. Umesema vifaranga ulichanja Newcastle (ugonjwa wa kuku, kideri kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania) kwa tarehe zake, chanjo ukaibeba kwenye barafu, na bado umezika zaidi ya nusu. Wengi wamekujibu kwamba chanjo ilikuwa feki. Inawezekana. Lakini mimi nafuga hapa Busia, nilipatwa na hayohayo kwa leya (kuku wa mayai) 300, na chanjo yangu haikuwa na kosa.

Daktari wa mifugo alimpasua mmoja wa wiki 6 mbele yangu. Baada ya kutazama utumbo alishuka hadi nyuma, juu kidogo ya tundu la haja, akatoa kitu kidogo, kikavu, kama punje ya harage. Kisha tukanunua kuku wa jirani wa umri uleule, tukamchinja. Chake kilikuwa cha mviringo, kimejaa, kama gololi. Aliviweka viwili hivyo kwenye kiganja changu. Sijasahau.

Hicho ndicho kifuko cha Fabricius, na kwa kuku ndimo zinamokomaa seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Seli changa huhamia humo kifaranga akiwa bado ndani ya yai. Kila moja hupanguapangua jeni zake hadi ipate kipokezi chake, cha kumtambua adui fulani. Nyingi mno hazifuzu, hufia humohumo. Zinazofuzu huingia kwenye damu, zikakae kwenye wengu na kwingineko. Hata hiyo B ni ya bursa, jina la kifuko hicho kwa Kilatini. Mwaka 1956 Bruce Glick na wenzake kule Marekani walichapisha kwamba kuku waliotolewa kifuko wakiwa wadogo walishindwa kutengeneza kingamwili. Sisi binadamu hatuna kifuko hicho. Seli B zetu hukomaa kwenye uboho.

Sasa, kirusi cha Gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku, hushambulia hasa seli B changa zilizomo kifukoni. Kikiingia kabla ya wiki 3, kifaranga anaweza asionyeshe ugonjwa wowote. Anakula, anakimbia, wewe unafurahi, kumbe kiwanda kimeungua. Ukimpa chanjo ya Newcastle, seli za kuipokea ni chache mno. Mimi chanjo ya Gumboro niliiruka kwa sababu sikuona mgonjwa bandani. Uamuzi huo ulinigharimu kuku 190.

Tarehe ya kuchanja Gumboro usiikisie. Kingamwili alizorithi kifaranga kutoka kwa mama huua chanjo ukiwahi, na ukichelewa kirusi kinakutangulia. Mwonyeshe daktari wako historia ya chanjo za kuku wazazi. Na kirusi hiki hukaa bandani miezi mingi, kwa hiyo maranda ya zamani toa yote, osha, piga dawa, kabla hujaleta wengine.

Kama bado una aliyekufa leo, mwombe daktari amfungue nyuma, utuwekee picha ya kifuko hapa na umri wa kuku.