Mnaoanza kuuza muvi: kopi inavujia jikoni

Vijana wangu, kila msimu yuleyule anarudi na sura mpya: anauliza anunue kufuli gani la kuzuia muvi isinakiliwe, huku masta yake, kopi mama ya muvi, imelala kwenye flashi ya mtengeneza bango.

1. Kufuli. DVD zilifungwa kwa CSS, kufuli la kidijitali lenye ufunguo wa biti 40. Mwaka 1999 ukavunjwa. Leo VLC, programu ya bure ya kuchezea video, inazicheza bila hata kukuuliza. Stempu za kodi za mwaka 2013 hapa Tanzania zilithibitisha ganda tu, diski ikabaki kunakilika kama kawaida. Mtandaoni weka Widevine, kufuli la Google la video, lakini hakuna kufuli linaloizuia simu ya pili iliyoelekezwa kwenye skrini.

2. Kopi ya kuonjesha. Hapa ndipo tulipolia wengi. Unatoa video safi ya 1080p, ubora wa juu, nembo ndogo pembeni, unawarushia watu sita: wa tafsiri, wa rangi, mdhamini, wa televisheni na wengineo. Faili ni ileile. Wiki haijaisha, laibrari ya mtaani wanaijaza kwenye flashi za wateja. Pembe imekatwa kwa kukuza picha kidogo tu, na wote sita wanaapa kwa mama zao. Utamshika nani, na faili zote ni pacha?

Toa 720p. Jina la mpokeaji na tarehe vikae katikati, uzito wa rangi asilimia 15 hadi 20, vihame kila baada ya dakika mbili, vipite usoni mwa wahusika. Juu ya ukuta mtupu vinafutika kirahisi. Halafu alama ya siri: chagua mikato mitatu, kila mmoja ama ukate kavu ama ufifie kwa fremu 12, yaani picha moja moja zinazounda video. Hiyo ni mipangilio 8, watu sita wanaenea. Mfifio utumie picha zilizopo. Ukiongeza fremu, sauti inaachana na midomo. Alama hiyo hata aliyerekodi kwa simu anaondoka nayo. Nani kapewa mpangilio upi, andika daftarini. Eksipoti sita, ndiyo. Mashine ikeshe.

3. Bei. Mteja anakulipa wewe, kisha analipa bando; vikimzidi, anakimbilia kopi ya wizi. Muvi ya saa mbili kwa Mbps 2, kiasi cha data kwa sekunde, ni GB 1.8, kwa kbps 800 ni MB 720. Weka 480p, na alipe kwa simu, si kwa kadi ya benki asiyokuwa nayo.

Na ile flashi ya mtengeneza bango, kaichukue leo. Yeye anahitaji picha tano tu.