Mwangwi wa Sam Phillips ulitoka wapi?

SWALI: Katika rekodi za kwanza za Elvis Presley, sauti inajirudia upesi mara moja tu. Je, Sam Phillips, mtayarishaji wa rekodi hizo, alikuwa na chumba cha mwangwi, yaani chumba kitupu ambamo sauti hugonga kuta na kurudi? Nami nitaupataje nyumbani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana. Studio yake ya 706 Union Avenue, Memphis, aliyoifungua Januari 1950, ilikuwa ndogo mno kwa anasa hiyo. Alitumia vinasa sauti viwili vya Ampex: kimoja kilirekodi wimbo, cha pili kilipokea sauti ileile na kuirudisha kwenye mikisa (kifaa cha kuchanganya sauti) ikiwa imechelewa kidogo. Ucheleweshaji unatokana na umbali kati ya kichwa cha kurekodia (sehemu ya kinasa inayoandika sauti kwenye tepu) na cha kusomea (inayoisoma). Umbali ukiwa sentimita 5 na tepu ikienda sentimita 38 kwa sekunde, utapata takriban milisekunde 130. Ukipunguza mwendo kwa nusu, zinakuwa 260, na hapo maneno yanaanza kugongana.

Kwenye kompyuta, weka ucheleweshaji wa milisekunde 120 hadi 140, rudio moja, kisha punguza kidogo sauti kali za juu. Kosa la kawaida ni kuurudisha mwangwi ndani ya kinasa cha pili: unajirudia bila kikomo na mwishowe unapiga yowe.

Phillips hakuogopa vifaa vibovu pia. Mwaka 1951, amplifaya ya gitaa la bendi ya mwanamuziki Ike Turner ilipoharibika njiani, spika ilishindiliwa karatasi, na mkwaruzo ule ukabaki kwenye rekodi. Gitaa likanguruma kama saksafoni!