Zimamoto Pasipo na Barabara

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni kijana wa Faza, kisiwani Pate, na nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Nimesoma habari za wazimamoto wanaohudumia jamii za wenyeji wa asili kaskazini mwa Kanada, na kazi hiyo imenivutia sana. Je, ni kazi ya namna gani, na mtu wa kwetu aanzie wapi?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Ukiiondoa theluji, huko unakokuulizia kunafanana na kwenu kuliko unavyodhani. Eneo la Nunavut, ambalo wakazi wake wengi ni Wainuiti, wenyeji wa asili wa huko, lina makazi 25, na hakuna barabara inayoyaunganisha hata mawili. Moto ukizuka, gari la msaada haliwezi kutoka kijiji jirani; wanaouzima ni wenyeji wenyewe, aghalabu watu wa kujitolea wenye shughuli zao nyingine, na wakati wa baridi kali maji huweza kuganda ndani ya mpira kabla hayajaufikia moto.

Wala kazi haiishi kwenye kuzima. Agosti 2023, moto wa msituni ulipoukaribia mji wa Yellowknife, katika eneo jirani la Northwest Territories, watu wapatao 20,000 waliamriwa kuhama, wengine kwa ndege na wengine kwa barabara kuu moja tu. Hapo ndipo msimamizi wa dharura huonekana thamani yake, kwa kuwa ni lazima ajue mapema ni mgonjwa yupi hawezi kutembea na ni mzee yupi hataondoka mpaka aambiwe kwa lugha yake.

Huku kwetu, Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambamo punda wawili wenye shehena hupishana kwa taabu, sembuse gari la zimamoto. Nakumbuka moto mmoja wa utotoni mwangu, wakati wa kaskazi: paa la makuti lilishika, cheche zikarukia la pili, nasi tukajipanga na ndoo kutoka pwani. Ndoo hazikufaa kitu. Aliyeuokoa mtaa ni fundi mmoja mzee aliyepanda paa la tatu, ambalo lilikuwa bado zima, akakata kamba na kuyaangusha makuti yote chini huku mwenye nyumba akimlaani. Moto ulipofika hapo ukakosa cha kula. Wazimamoto wa misitu ya Kanada hufanya jambo hilohilo, ila wao hutumia matingatinga.

Kuhusu ajira, Katiba ya Kenya ya 2010 iliziweka huduma za zimamoto na udhibiti wa majanga chini ya kaunti, kwa hiyo fuatilia matangazo ya bodi ya utumishi wa umma ya kaunti yako. Ukitaka shahada, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kinafundisha udhibiti wa majanga. Kanada inaweza kungoja. Kwa sasa jifunze huduma ya kwanza kwa Msalaba Mwekundu. Kuogelea sidhani kama mtu wa Faza anahitaji kufunzwa. Kisha, kabla kaskazi haijaanza kuvuma, uzunguke mji wenu na daftari, uandike visima vipi vina maji, nani ana pampu, mapaa yapi ya makuti yamegusana, na ni nani hawezi kutoka nyumbani mwake bila kubebwa. Siku utakayoitwa kwenye usaili, nenda na daftari hilo.